Sura ya Sita: Dizeli Haifi, Huuawa

Fundi akikuambia injini ya dizeli imekufa, usiishie hapo. Muulize imeuawa na nini. Mara nyingi jibu litakuwa moja kati ya manne: joto, mafuta machafu, oili iliyochoka, au mkanda wa taimingi ulioachwa mpaka ukakatika. Umri peke yake huua injini chache. Na karibu yote haya hutoa dalili mapema, dalili ambazo mtu asiye fundi anaweza kuziona uani kwake kabla hajanywa chai ya asubuhi.

Ndiyo maana sura hii nimemwandikia mwenye gari. Fundi huitwa jambo likishaharibika. Mwenye gari ndiye anayelala nalo na kuamka nalo, anayejua jana liliwaka vipi na leo limewaka vipi. Kwa gari la dizeli linalobeba familia nzima, ujuzi huo mdogo wa kila siku una thamani kuliko spana zote za gereji.

Gari tunalolizungumzia

Mfano wetu ni Toyota HiAce ya dizeli. HiAce ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1967, lakini zinazoonekana zaidi kwenye barabara zetu ni za vizazi viwili: kile cha mwaka 1989 na kile cha mwaka 2004, chenye bodi pana na pua ndefu kidogo zaidi. Wengine wana Nissan Caravan au Mitsubishi Delica. Karibu yote nitakayosema yanawahusu na wao. Noah na Alphard nyingi tulizonazo ni za petroli, kwa hiyo mwenye nazo atanufaika na sehemu za breki na tairi, si za mafuta na nozeli.

Kabla hujafanya lolote, jua injini iliyomo. HiAce za zamani zina injini za herufi L: 2L, 3L na 5L, ambazo nyingi hazina turbo na pampu yake ya mafuta ni ya kimakanika. Zilizofuata zina 1KZ-TE, injini ya turbo ya sentimita za ujazo 2,982. Za kizazi cha 2004 zina 2KD-FTV au 1KD-FTV, ambazo mafuta yake husukumwa kwa shinikizo kubwa mno kwenye bomba moja la pamoja na nozeli hufunguliwa kwa umeme. Jina la injini limeandikwa kwenye kibati cha gari. Liandike ukurasa wa kwanza wa daftari lako, kwa sababu muuza spea atakuuliza hilo kabla ya jambo jingine.

Magari mengi ya dizeli ya miaka ya tisini yalitufikia Japani ilipoanza kubana moshi. Kuanzia Oktoba 2003, Tokyo na mikoa jirani ya Saitama, Chiba na Kanagawa ilizuia malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia viwango vyake, na sheria ya taifa ikabana hata magari madogo ya dizeli kwenye miji mikubwa. Gari lililokosa nafasi kule likapata soko huku. Maana yake kwako ni moja: unanunua injini imara ambayo historia yake huijui. Chukulia kwamba hakuna kilichofanyiwa sevisi mpaka utakapokifanyia wewe.

Je, familia ichukue dizeli au petroli? Kama gari lako linakwenda sokoni na shuleni tu, kilomita chache kisha linazimwa, dizeli haikufai sana. Injini yake huchelewa kupata joto, na injini isiyopata joto hukusanya masizi. Zile mpya zenye chujio la masizi kwenye ekzosi huumia zaidi, kwa sababu chujio hilo hujisafisha kwa kuchoma masizi gari likiwa safari ndefu. Lakini kama unabeba watu kumi na mizigo, unapanda milima na kwenda mikoani, dizeli ndiyo yenyewe. Ina nguvu ya kuvuta ikiwa bado kwenye mzunguko wa chini, na inatumia mafuta kidogo kwa mzigo ule ule.

Moto usio na cheche

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa plagi. Ya dizeli haina plagi ya cheche. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mjini Augsburg mwaka 1897, alitumia kanuni rahisi: hewa ikibanwa sana hupata moto. Ukijaza upepo tairi la baiskeli utaona pampu yenyewe inapata joto mkononi. Ndani ya silinda ya dizeli hewa hubanwa mpaka ujazo wake unakuwa sehemu moja ya ishirini hivi ya ulivyokuwa, na joto lake hupita nyuzi 500. Dizeli ikipulizwa humo kwa umbo la ukungu, inawaka yenyewe.

Kutokana na hapo unaweza kuelewa matatizo mengi ya gari hili. Ikikosa mbano, haiwaki. Dizeli isipopulizwa kama ukungu, haiungui yote na moshi unatoka mweusi. Hewa isipotosha kwa sababu filta imeziba, matokeo ni yale yale. Na injini ikiwa baridi, hewa iliyobanwa haipati moto wa kutosha, ndiyo maana kuna hita plagi, vijiti vidogo vinavyopasha joto silinda kabla ya kuwasha. Ukigeuza ufunguo, taa ya njano yenye umbo la waya uliojikunja itawaka kwenye dashibodi. Subiri izimike ndipo upige stata. Dar es Salaam au Mombasa unaweza usione tofauti, lakini Njombe, Arusha au Eldoret alfajiri utaiona: gari linazungusha stata muda mrefu, linatetemeka, linatoa moshi mweupe, kisha linatulia. Hapo hita plagi moja au mbili zimekufa. Kwa kipimo cha umeme cha bei nafuu, plagi nzima huonyesha ukinzani mdogo sana, na iliyokufa haionyeshi mkondo kabisa. Usiipime kwa kuichomeka moja kwa moja kwenye betri, kwa kuwa baadhi ya plagi za Toyota zimetengenezwa kwa volti pungufu ya 12 na zitaungua.

Adui wa kwanza: joto

Kwenye HiAce injini iko chini ya viti vya mbele. Ili kuiona lazima uinue kiti, na kwa sababu hiyo wengi hawaioni kabisa mpaka inapochemsha. Jizoeze kuinua kiti hicho kila wiki. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta. Maji yawe yamefika mdomoni, yawe na rangi ya kizuia kutu ulichoweka, nyekundu au kijani. Yakiwa na rangi ya matope, rejeta inakula kutu. Yakiwa na utando wa mafuta juu, kuna njia imefunguka kati ya maji na oili, na gari hilo lisiende safari.

Maji ya bomba, na zaidi maji ya kisima yenye chumvi kama ya sehemu nyingi za Pwani, huacha magamba ndani ya mirija ya rejeta na kuila polepole. Tumia kizuia kutu kilichochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, yale ya betri yasiyo na asidi. Mfuniko nao si kizibo tu. Una springi inayotunza shinikizo ndani, na shinikizo hilo huzuia maji kuchemka mpaka yapite nyuzi 110. Nairobi na Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka yakifika nyuzi 94 au 95. Kwa hiyo mfuniko uliochakaa unaweza kuchemsha gari ambalo rejeta yake ni nzima. Mpira wake ukipasuka, nunua mfuniko mwingine leo.

Kumbuka ni lini gari hili hufanya kazi ngumu. Desemba, familia zikielekea Kilimanjaro kwa sikukuu, HiAce yenye watu kumi, magunia na mabegi juu ya paa husafiri siku nzima kwenye jua kali, kiyoyozi kikiwa wazi. Ni vivyo hivyo kwa anayepanda Kitonga kwenda Iringa au anayepanda kutoka Mai Mahiu kurudi Nairobi. Mshale wa joto ukianza kupanda, zima kiyoyozi na washa hita ya ndani kwa nguvu zote, hata kama abiria watalalamika, kwa sababu hita ni rejeta ndogo inayosaidia kutoa joto. Tafuta pa kusimama. Kama maji hayamwagiki, iache injini ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta mpaka mshale ushuke. Kama mvuke unatoka au mshale umegonga juu, zima.

Kisha ngoja. Mfuniko wa rejeta yenye moto ukifunguliwa hurusha maji yanayochemka usoni, na watu wamepoteza macho namna hiyo. Watoto wakae mbali. Wala usimwage maji baridi kwenye injini iliyochemka. Silinda hedi ya 1KZ-TE ni ya aluminiamu na inajulikana kwa kupasuka kati ya vali ikipata joto kupita kiasi. Bei ya hedi nyingine inaweza kumfanya mtu auze gari.

Dalili za gasketi ya hedi iliyokwisha kuungua ni hizi: maji yanapungua na hakuna mahali yanapovuja, povu linatoka rejetani injini ikiwaka, mpira wa rejeta unakuwa mgumu mara tu baada ya kuwasha gari lililolala baridi, au oili inakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukiona mojawapo, nenda gereji siku hiyo hiyo.

Adui wa pili: mafuta machafu

Katika injini ya dizeli, mafuta ndiyo moto na ndiyo kilainishi. Pampu na nozeli hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vya kutosha, kwa hiyo dizeli iliyochanganywa nayo hula chuma kwa chuma. Huu si uvumi wa vijiweni. Tanzania ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupitia EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, ili kuwanasa wachakachuaji, na katika bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iishe. Kenya nayo iliweka tozo maalumu ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyo hiyo. Jambo jema ni kwamba tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na hiyo imepunguza masizi na asidi ndani ya injini.

Chagua kituo kimoja chenye wateja wengi na usikihame. Epuka dizeli ya vidumu kando ya barabara. Usijaze wakati lori la mafuta linashusha, kwa sababu uchafu wa chini ya tangi la kituo huwa umevurugika. Na kila mara tamka neno "dizeli" kwa sauti, ushuke, uangalie bomba linaloingia. Vijana wa pampu wamezoea kuona magari ya familia yakijazwa petroli. Ikitokea petroli imeingia, usigeuze ufunguo hata kidogo. Gari lisukumwe pembeni na tangi limwagwe. Kazi hiyo ni ya saa chache, lakini ukiwasha utanunua pampu na nozeli.

Maji nayo huingia tangini, mengine kwa unyevu wa hewa usiku, mengine kutoka kituoni. Kazi ya kuyatoa ni ya dakika tano na kila mwenye gari aijue. Tafuta filta ya dizeli. Chini yake kuna kifundo cha plastiki. Weka chupa ya maji iliyo wazi, ing'aayo, chini yake. Kilegeze mizunguko miwili mitatu. Kama hakitoki kitu, bonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta. Acha kitoke kiasi cha nusu kikombe, kaza kifundo, kisha iweke chupa kwenye jua na uitazame. Dizeli safi ni ya manjano na inaonyesha upande wa pili. Maji yatajitenga na kukaa chini, na mpaka kati yao utauona wazi kama mstari. Ukiona chembe nyeusi au utelezi wa kahawia, tangi linahitaji kuoshwa. Fanya hivi kila mwezi, na mara moja zaidi baada ya kujaza kituo usichokijua. Taa ya maji ikiwaka kwenye dashibodi, ifanye kazi hii kabla ya kuendelea na safari.

Filta yenyewe ibadilishe kila kilomita 10,000. Baada ya kufunga mpya, bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu kidoleni. Ugumu huo unakuambia upepo umetoka na mafuta yamejaa.

Hapa lazima nionye. Kwenye injini za zamani mafundi wana tabia ya kulegeza mirija ya nozeli mmoja mmoja injini ikiwaka, ili kujua silinda ipi imelala. Kwenye 1KD na 2KD jambo hilo ni hatari ya maisha. Shinikizo kwenye bomba la pamoja hupita bar 1,000, wakati tairi la gari lina bar tatu hivi. Mchirizi wa dizeli wenye nguvu hiyo hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha linaloonekana dogo linaweza kumpotezea mtu mkono. Usiguse mirija hiyo, na fundi akitaka kuilegeza injini ikiwaka, mzuie.

Adui wa tatu: oili iliyochoka

Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa, kwa sababu kazi yake mojawapo ni kubeba masizi. Weusi usikutishe. Kinachopaswa kukutisha ni mengine. Kiwango kikipungua, inavuja au inaungua. Kiwango kikipanda, dizeli inaingia kwenye oili, na oili hiyo nyepesi hailindi tena. Ikiwa na rangi ya maziwa, kuna maji. Chomoa kijiti cha kupimia gari likiwa sehemu tambarare na limezimwa angalau dakika kumi, kifute, kirudishe, kichomoe tena, ukisome. Tone moja lisugue kati ya vidole na ulinuse. Ukifanya hivyo kila Jumamosi, vidole vyako vitaijua oili nzuri kuliko maneno yangu.

Mwaga oili kila kilomita 5,000 na ubadilishe filta yake wakati huo huo. Vumbi, foleni na mizigo yetu haviruhusu zaidi ya hapo. Kwenye kopo tafuta alama ya API inayoanza na herufi C, kama CF-4 au CI-4, maana hiyo ni ya dizeli. Herufi S ni ya petroli. Kwa injini za L na KZ, 15W-40 inafaa kwenye joto letu. Kwa zenye chujio la masizi, fuata kitabu cha gari kwa makini, kwa sababu zinahitaji oili yenye majivu machache.

Wenye 1KD wana jambo la ziada. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba inayozuia gesi ya mwako isipande juu. Washa hizo zikichoka, gesi hupenya na kuchoma oili mpaka inakuwa masizi mazito, na masizi hayo huziba chujio la oili ndani ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Injini inakosa oili ikiwa na oili tele. Kila unaponunua 1KD iliyotumika, lipia sampu ishushwe na chujio hilo litazamwe kwa macho.

Turbo nayo inategemea oili. Hukimbia zaidi ya mizunguko 100,000 kwa dakika. Baada ya mlima au mwendo mrefu, usizime injini pale pale uliposimama. Iache ingurume dakika moja au mbili ili oili iipoze.

Oili chafu usiimwage mtaroni wala shambani. Ikusanye kwenye dumu na uipeleke kwa gereji au kituo kinachoikusanya. Maji ya kisima cha jirani yako yanahusika.

Adui wa nne: mkanda wa taimingi

Injini za L, KZ na KD zote zina mkanda wa taimingi. Mkanda huo ukikatika, pistoni hukutana na vali na injini inaharibika kwa sekunde moja. Adui huyu hapigi kelele kabla ya kuja. Magari mengi ya Japani yana taa iliyoandikwa T-BELT inayowaka kilomita zikifika 100,000. Elewa kwamba taa hiyo haiukagui mkanda. Inahesabu kilomita tu, na kilomita za gari lililotumika zinaweza kuwa zimerudishwa nyuma. Kwa hiyo ukinunua gari, badilisha mkanda na beringi yake ya kukaza bila kusubiri, halafu andika kilomita na tarehe kwenye stika uibandike karibu na injini. Kazi hii mpe fundi anayezijua injini hizi, na spea nunua halisi. Katika gari zima, hapa ndipo pa mwisho pa kutafuta cha bei rahisi.

Moshi unasema nini

Mwombe mtu akanyage mafuta huku wewe umesimama kando, si nyuma ya ekzosi. Moshi mweusi ni mafuta mengi au hewa chache, na kitu cha kwanza kuangalia ni filta ya hewa, ambayo kwenye barabara za vumbi huziba haraka. Kisha zinafuata nozeli. Moshi mweupe asubuhi ni mafuta yasiyoungua, basi rudi kwenye hita plagi. Ukiendelea injini ikiwa na moto, na una harufu tamu, ni maji ya rejeta. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, ama kwa ringi za pistoni, ama mpira wa vali, ama turbo.

Na huo moshi wenyewe ni sumu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Usipashe injini joto chini ya dirisha la chumba cha watoto. Sogeza gari nje ya geti kwanza.

Kinachowabeba watu

Gari la familia linaweza kuwa na injini nzuri na bado likaua. HiAce iliyojaa ni nzito, na breki zake hubeba uzito wote huo kwenye mteremko. Pedi za mbele zikibaki milimita tatu, badilisha. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Tairi ziwe za mizigo, zile zenye herufi C au LT ubavuni, si za gari dogo. Upepo fuata kibandiko cha mlangoni, na upime tairi zikiwa baridi. Soma umri wake pia: ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT. Ikiandikwa 2319, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nzuri machoni yenye miaka kumi ni tairi mbovu. Na kila kiti kiwe na mkanda unaofunga, hata cha nyuma kabisa anakokaa mtoto.

Ukifanya kazi nyumbani, usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Weka stendi za chuma sehemu tambarare, zuia magurudumu, ondoa watoto uani. Ukimaliza kuhesabu kazi unazoziweza, zitakuwa hizi: maji, oili na filta zake, filta ya dizeli na ya hewa, betri, hita plagi, tairi. Mkanda wa taimingi, pampu, nozeli, hedi na breki waachie wenye vifaa na uzoefu.

Daftari na ndugu wanaoazima

Mali bila daftari huisha bila habari. Nunua daftari la shule, liweke ndani ya gari. Kila kitu kiandikwe: tarehe, kilomita, kilichofanyika, spea ilinunuliwa wapi, lita ngapi zilijazwa. Baada ya miezi michache daftari litaanza kukuambia mambo. Lita zikiongezeka kwa safari ile ile, kuna kitu kimeanza kuharibika. Siku ya kuuza, mnunuzi mwenye akili atalipia daftari hilo.

Gari kubwa halibaki la mtu mmoja. Msiba ukitokea, harusi ikiwadia, shemeji atakuja kuomba gari, na katika jamii zetu ni vizuri kumpa. Mpe pamoja na masharti yaliyoandikwa ukurasa wa mbele: ajaze dizeli kituo kipi, mshale wa joto ukipanda afanye nini, asizime turbo ghafla, na akirudi aandike kilomita na lolote aliloliona. Ndugu anayekupenda hatakasirika.

Fundisha wa nyumbani pia. Mkeo au mumeo, na mtoto aliyefika umri wa kushika tochi, wote wajue kusoma kijiti cha oili na kufungua mfuniko wa rejeta iliyopoa. Gari linalojulikana na mtu mmoja huharibika siku mtu huyo akisafiri.

HiAce ya dizeli iliyotunzwa hivi inaweza kumlea mtoto kutoka shule ya awali mpaka chuo kikuu. Iliyoachwa inaweza kuisha kabla ya bima yake ya kwanza. Kwa hiyo Jumamosi hii, kabla jua halijawa kali, inua kile kiti cha mbele na uanze na maji ya rejeta.